Ngazi za Bi Vivuli

Ukitaka kumjua Bi Vivuli, kumbuka siku uliposhuka ngazi ukidhani imebaki moja, kumbe zimekwisha. Mguu unagonga sakafu kabla ya wakati wake, meno yanagongana, moyo unaruka, halafu unajichekea peke yako na kuangalia kama kuna aliyekuona. Wengi wetu jambo hilo hutupata kwa nadra, tukasahau. Bi Vivuli lilimpata kila siku, kuanzia mwaka alipopoteza jicho lake la kushoto, na hakuna aliyecheka.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu herufi alizochora kwenye vibao vya maduka zilikuwa na vivuli, na vivuli hivyo viliwafanya watu wazima na akili zao wapapase kibao kuona kama herufi zimebandikwa au zimechorwa. Kutoka kwenye vibao akahamia sakafuni. Alichora shimo mbele ya duka la viatu, shimo lenye kingo za matofali na giza chini, mpaka mwenye duka akaja kulalamika kwamba wateja wanaogopa kuingia. Bi Vivuli alimwambia asiwe na wasiwasi: atakayeingia ataogopa kutoka, basi atanunua. Mwenye duka aliondoka akinung'unika, lakini shimo hakulifuta.

Alikuwa mtu wa maneno machache na kichwa kigumu, mrefu, mikono mikubwa, kucha zenye rangi ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuitoa. Karakana ya familia ilikuwa chini ya nyumba yao, chumba chenye mlango mpana na harufu ya rangi ya mafuta. Juu waliishi yeye, mdogo wake wa kiume na shangazi yao. Mdogo wake huyo, watu waliozoeana naye walimwita Rula, kwa sababu ya rula ya chuma iliyochomoza mfukoni mwake siku zote, na pia kwa sababu hakuna kitu duniani alichotaka kiende upande. Rula ndiye aliyezungumza na wateja. Alikuwa na ulimi laini. Dada alichora, mdogo akapima na kuuza maneno, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona ubaya wa mgawanyo huo.

Jicho lilikwenda kwa uzembe wake mwenyewe, na alilisema hilo bila kuzunguka. Alikuwa anakwangua kutu kwenye geti la chuma kwa brashi ya waya. Miwani ya kukingia macho alikuwa nayo, ila aliipandisha kwenye paji la uso, mahali ambapo haikingi kitu. Kipande cha kutu kikaruka. Daktari alijitahidi, ikashindikana, jicho likatolewa. Rula alimtafutia la bandia, zuri, la rangi ileile. Bi Vivuli alilivaa mara moja kwenye harusi ya jirani, akagundua kwamba yeye akimtazama bibi harusi, jicho lenyewe linatazama meza ya chakula. Akarudi nyumbani akalivua, na kuanzia hapo akatembea na kope lililofungwa, bila kitambaa, bila miwani myeusi. Asiyependa kumwangalia angeweza kuangalia kwingine.

Daktari alimweleza jambo moja kabla ya kumruhusu kwenda. Macho mawili, alisema, hayaoni kitu kimoja. Kila moja huona kwa upande wake kidogo, na akili hulinganisha ndipo ikajua kitu kiko karibu au mbali. Likibaki moja, hakuna cha kulinganisha. Bi Vivuli alifikiri ni maneno ya kitabuni, mpaka alipofika nyumbani akamimina chai. Chai yote ilikwenda kwenye kitambaa cha meza, pembeni kabisa mwa kikombe. Mtu akimpa mkono, alishika hewa. Akiweka brashi mezani, ilianguka chini, maana meza ilikuwa imeishia kabla ya pale alipodhani.

Ngazi ndizo zilizomtesa kuliko vyote. Ngazi za nyumba yao zilikuwa za saruji, rangi moja kuanzia juu hadi chini, na kwa jicho moja hazikuwa ngazi tena bali ukuta wa kijivu uliolala. Alishuka siku moja asubuhi, akakosea, akaporomoka mpaka chini na kuvunjika mkono. Kuanzia siku hiyo shangazi akawa anamshika kiwiko kama mtoto anayevushwa barabara. Rula naye akamwekea kiti kwenye kona ya karakana, akampangia makopo, akamwambia kwamba yeye sasa atachanganya rangi.

Kuchanganya rangi si kazi ya kudharau. Lakini mtu aliyezoea kuchora, ukimpa kazi ya kuchanganya tu, ni sawa na kumwambia mpishi akae nje ya jiko apulizie moto dirishani. Bi Vivuli alikaa kwenye kile kiti muda mfupi kuliko Rula alivyotarajia. Mkono ulipopona, akaanza kuchora vibao nyuma ya mlango uliofungwa, na Rula akavipeleka kwa wateja. Mteja akiuliza nani kachora, Rula alijibu: "Mimi." Bi Vivuli alilijua hilo kutoka kwa muuza viatu, aliyekuja kumwambia kwamba mdogo wake siku hizi amemzidi mkono.

Usiku huo hakula. Asubuhi alimuuliza Rula mbele ya shangazi kama ni kweli. Rula hakukana. Alisema watu wanaogopa. Wakisikia fundi ana jicho moja, wanakwenda kwingine kabla hata ya kuona kazi. Yeye anailinda karakana, na anamlinda dada yake asisikie maneno ya watu. Tusubiri kidogo, alisema, watu watasahau. Alisema kwa upole na alikuwa anampenda dada yake, hilo halina ubishi. Lakini kuna upendo unaomfunika mtu mpaka anakosa hewa, na Rula alikuwa anamfunika dada yake nguo juu ya nguo.

Wakati huo wote Bi Vivuli alikuwa anajifunza upya kuona. Alijifunza kwenye meza ya chai. Aligundua kwamba kivuli cha birika kikigusana na kikombe, basi birika liko juu ya kikombe kweli. Aligundua kwamba kitu kinachofunikwa na kingine kiko nyuma yake, kwamba mistari ya vigae hukaribiana inavyokwenda mbali, kwamba kitu cha mbali hupauka. Akitikisa kichwa kidogo kushoto na kulia, vya karibu hukimbia na vya mbali hutulia; watoto wa jirani walimwiga wakisema anatembea kama kuku, naye akawatikisia kichwa zaidi. Siku moja akakiweka kikombe mezani kabla ya kunywa. Vivuli, kufunikana, mistari inayokaribiana, rangi inayopauka: hizo ndizo hila alizokuwa akizichora sakafuni miaka yote. Sasa dunia nzima ilikuwa inamchorea yeye.

Akamwambia shangazi wavae viatu watoke. Walikwenda mpaka duka la viatu, kwenye lile shimo lake la zamani. Rangi ilikuwa imefifia kwa nyayo za watu, na alitegemea kuona doa tu. Alisimama pale alipojua ndipo picha inapoonekana sawasawa, akatazama chini, akarudi nyuma kwa hofu mpaka akamkanyaga shangazi. Shimo lilikuwa na kina. Halikuwahi kuwa na kina kama kile, hata siku alipolimaliza. Maana macho mawili, fundi awe hodari namna gani, huambizana kwamba sakafu ni bapa. Ndiyo sababu wachoraji wa kazi hii hufumba jicho moja wanapokagua. Hata Rula hufumba. Miaka yote walikuwa wanajipunguzia jicho ili waone kazi yao. Bi Vivuli akacheka pale barabarani, cheko la sauti, mpaka shangazi akamvuta mkono akimwomba waende nyumbani kabla watu hawajakusanyika.

Ndipo ikaja kazi ya ukumbi. Ukumbi mkubwa wa mtaa, ule wa mikutano na mahafali, ulikuwa umekarabatiwa, na meneja wake, mwanamke nadhifu mwenye haraka, alitaka sakafu ya mlangoni ichorwe kitu cha kuwasimamisha watu. Rula alileta habari na mchoro tayari: maua kwenye miraba, yote sawasawa. Bi Vivuli aliusogeza kando. Alisema atachora ngazi. Sakafu ifunguke, ngazi zishuke chini, kuwe na mwanga unaotoka kwenye dirisha la huko chini, na ndala mtu alizoziacha kwenye ngazi ya kati.

"Ngazi?" Rula aliuliza. "Dada, ngazi zimekuvunja mkono."

"Ndiyo. Sasa ni zamu yangu."

Shangazi aliomba kwa Mungu kwa sauti. Rula alisema sawa, lakini kazi iende kwa jina la karakana, bila kutaja nani. Bi Vivuli alikataa. Alimwambia kwamba vibao vya nyuma ya mlango vimekwisha. Hii atachora mchana, mlango wazi, na siku ya kukabidhi meneja ataambiwa aliyechora ni nani. La sivyo Rula achore maua yake, na yeye atafute karakana nyingine, hata kama ni ya kupaka mitungi ya gesi. Tutaona, Rula alisema. Neno hilo "tutaona" Bi Vivuli hakulipenda, lakini alilichukua kama ndiyo, kwa sababu alitaka sana kuanza.

Wakaanza. Alisimamisha mti wa ufagio ndani ya kopo la saruji karibu na mlango, na juu ya mti akafunga pete ya pazia. Pete hiyo ndiyo jicho la picha: atakayechungulia hapo ataona ngazi, na atakayesimama kwingine ataona fujo. Kutoka kwenye pete alivuta uzi mpaka sakafuni, akaweka alama, akavuta tena. Mistari ikatoka ya ajabu. Ngazi ya chini kabisa, ambayo kwenye pete ilionekana ndogo kama kiberiti, sakafuni ilikuwa ndefu kuliko kitanda. Ndala zilikuwa na urefu wa mtu. Mafundi umeme waliopita na waya zao walisikitika kwamba mama yule anaharibu sakafu mpya.

Rula alichanganya rangi. Dada yake alimwelekeza tu, bila kumdhihaki, na lazima isemwe kwamba alichanganya vizuri: kijivu cha ngazi ya kwanza, kijivu cha pili chenye buluu kidogo, mpaka kijivu cha chini kabisa kilichokaribia kuwa usiku. Bi Vivuli alifanya kazi kwa magoti. Akiwa amepiga magoti hakuogopa, maana kiganja chake kilikuwa sakafuni kikimweleza ukweli. Lakini kila aliposimama kwenye pete kukagua, picha ilikuwa imezama zaidi. Ilipokaribia kukamilika hakuthubutu tena kuipita wima. Alizunguka pembeni, mkono ukutani, na alikasirika kila alipozunguka.

Siku ya kukabidhi, meneja alikuja na wajumbe wa kamati ya ukumbi. Shangazi naye alikuja, amevaa kanga yake ya kutokea. Rula alikuwa ng'ambo ya picha, mbele ya viti, akipanga makopo matupu yawe kwenye mstari mmoja, na Bi Vivuli alisimama kwenye mti wa pete kuwaelekeza wageni. Nguo zake zilikuwa za kazi, zenye madoa. Meneja alimsalimu kwa haraka, akatazama sakafu, akasema inapendeza, kwa sauti ya mtu anayepongeza pazia la nyumba ya mwenzake.

"Chungulia hapa, mama," Bi Vivuli alimwambia. "Fumba jicho moja."

Meneja alichungulia. Akafumba jicho. Mkono wake ukaushika ule mti wa ufagio kwa nguvu mpaka kopo likayumba. Alikaa hapo muda, akatoa kichwa, akarudisha. Baada yake wajumbe wakapokezana, mmoja akiapa kwamba anaona vumbi juu ya zile ndala. Kisha wote wakaenda ng'ambo kwa Rula, na wote, pamoja na kujua kwamba sakafu ni sakafu, walipita pembeni wakijibana ukutani.

Ukumbi ulikuwa mtupu na ulirudisha sauti. Kwa hiyo Bi Vivuli, akiwa bado kwenye pete, alisikia kila neno. Meneja alimpa Rula mkono, akamwambia hongera fundi, hajawahi kuona kazi kama hii. Akamuuliza alijifunza wapi. Akaongeza kwamba amfikishie shukrani zake yule mama msaidizi wa pale mlangoni.

Bi Vivuli alimtazama mdogo wake. Rula alifungua mdomo. Alitazama chini, akatazama ile rula yake kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Asante," Rula akasema.

Hilo lilimwingia Bi Vivuli kuliko kipande cha kutu. Aliumia, kisha akakasirika, na hasira ikamfaa zaidi. Angeweza kuzunguka. Lakini alijua kuzunguka kwake kulivyo: mkono ukutani, mguu ukipapasa, shangazi kwenye kiwiko. Mpaka afike, wangekuwa wamemgeukia kwa huruma, wamemsogezea kiti, na mwenye kiti cha huruma hadai kitu. Njia nyingine ilikuwa mbele yake, nayo ilikuwa ngazi.

Shangazi aliona anavyotazama. Akamshika kiwiko, akamnong'oneza: "Pita huku, mwanangu."

Bi Vivuli aliutoa ule mkono, taratibu, akauacha. Akili yake ilijua. Alijua kila tone la rangi pale chini, alijua lilitoka kopo gani. Lakini mguu haujui habari hizo. Mguu huamini jicho, na jicho lake moja lililobaki lilimwambia kwamba mbele ni korongo. Jasho lilimtoka mgongoni. Akanyanyua mguu, akaupeleka juu ya ngazi ya kwanza, akaushusha.

Sakafu iliuwahi. Mshtuko ulipanda mpaka kwenye meno. Nyuma yake shangazi alitoa sauti ndogo. Bi Vivuli akanyanyua mguu wa pili, nao ukajiandaa kushuka kama wa kwanza, nao ukagonga. Hakuzoea. Kila hatua aliogopa upya, na kila hatua aliipiga hivyohivyo, akitembea juu ya giza alilolichora yeye mwenyewe. Alikanyaga ndala. Alikanyaga mwanga wa dirisha. Kadiri alivyoiacha pete nyuma yake picha ikaanza kuvutika na kuchanika, ngazi zikawa mikanda ya kijivu, na alipofika ng'ambo chini ya miguu yake palikuwa na rangi tu. Wale watu walimwona anavyokuja: kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Kazi ni yangu," alisema. Pumzi zilikuwa bado zinamkimbia. "Nimeichora mimi, kuanzia mstari wa kwanza."

Meneja alimtazama usoni, safari hii kwa kutulia, akaona kope lililofungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alichagua maneno. "Samahani, mama. Lakini kazi ya namna hii, kwa jicho moja?"

"Ulipoitazama kwa mawili uliona nini?"

Meneja alifikiri, akajibu kwa ukweli. "Rangi."

"Na zile ngazi uliziona lini?"

Meneja alitazama kule kwenye pete. Mkono wake ulianza kupanda kuelekea lile jicho alilolifumba, ukaishia hewani, akaurudisha chini. Mjumbe mmoja nyuma yake alikohoa. Bi Vivuli hakuwasaidia. Akamgeukia mdogo wake, akasubiri.

Rula alikuwa amekunja uso kama siku zile za utotoni alipovunja kitu na kujua kwamba dada ameona. "Ni kazi ya dada," alisema, chinichini, akiwa anatazama makopo. "Mimi nilichanganya rangi."

"Sema kwa sauti," Bi Vivuli alimwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Rula akainua kichwa, akasema tena.